Mdomo wa Bi Rukaya

Jirani Maryamu anadai aliuona mdomo wa Bi Rukaya ukiondoka. Anasema ilikuwa Alhamisi, baada ya alasiri, naye alikuwa anapita na ndoo ya maji kichwani. Kijana Sabiri alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, karatasi magotini, akimchora Bi Rukaya aliyekaa kibarazani kwake. Sabiri akapuliza vumbi la penseli, akaandika jina lake pembeni mwa karatasi, na hapo mdomo wa Bi Rukaya ukakauka kama maji yaliyomwagwa kwenye udongo wa kiangazi, kwanza pembeni, kisha katikati. Maryamu anasema ndoo yake haikumwagika hata tone.

Wengine wanasema Maryamu siku hiyo alikuwa Mkata akiuza mihogo, na kwamba aliyaona hayo Jumamosi, alipohadithiwa. Inawezekana. Lakini mdomo uliondoka kweli. Chausiku, binti wa Bi Rukaya, alitoka uani na mikono yake ya udongo, akamkuta mama yake ana pua, chini ya pua ana kidevu, na katikati pana ngozi safi iliyonyooka, kama ukuta uliosiribwa na mtu anayeijua kazi yake.

"Tumemaliza, mama," Sabiri alisema. "Nashukuru kwa ushirikiano."

Kitongoji chao kipo bondeni, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Kwamsisi. Bi Rukaya alikuwa ndiye mdomo wa kitongoji hicho. Aliposimama kijitoni kumwita mbuzi wake, walikuja hata mbuzi wa watu wengine. Siku kondakta alipoondoka na gunia lake la mahindi pale Mkata, Bi Rukaya alipiga ukelele mmoja, na basi likasimama Kabuku. Dereva alisema alidhani ni pancha.

Sabiri alikuwa mtoto wa Mzee Mhina, jirani wa upande wa chini, na ndiye wa kwanza kitongojini kufika chuo kikuu. Alisomea uchoraji, ubunifu na ualimu wa sanaa. Mwenyewe alieleza kwamba mwaka wa kwanza walifundishwa mstari, mwaka wa pili wakafundishwa historia ya mstari, na mwaka huu wa tatu walikuwa wanafundishwa namna ya kuuzungumzia mstari mbele ya watu. Miaka yote hiyo alichora chupa na vichwa vya sanamu za plasta, navyo havikulalamika. Bi Rukaya alikuwa mtu wake wa kwanza mzima.

Alimchora siku tatu. Siku ya tatu Chausiku alisimama nyuma yake, akaona macho yapo, pua ipo, khanga ya kichwani ipo na maua yake yote, na chini ya pua pako peupe.

"Mdomo je?"

"Nitaumalizia chuoni, dada."

"Ungeanza nao. Sisi chungu tunakianza na mdomo. Unaufinyanga, unausawazisha kwa gunzi la mahindi, unauacha ushike, ndipo unakigeuza ushuke mpaka kitako. Ukiuweka mdomo mwisho, unaufikia mkono umeshachoka."

"Huo ni ufundi, dada. Hii ni sanaa."

"Mwache mwenzio," Bi Rukaya alisema. "Huyu tangu mdogo alikuwa akimaliza mboga kwanza, halafu anakaa na ugali mkavu analia."

"Mama, naomba usiongee. Unatikisika."

Hayo ya ugali ndiyo maneno ya mwisho Bi Rukaya kuyasema kwa mdomo wake. Chausiku akarudi uani kwenye vyungu vyake. Sabiri akapuliza vumbi, akaandika jina. Chausiku alipotoka na kumwambia arudishe mdomo wa mama, Sabiri alimtazama Bi Rukaya, akaitazama karatasi, akaona vimefanana, akaridhika. Kesho yake alipanda basi Mkata, karatasi imo ndani ya bomba la plastiki.

Kula hakukuwa shida kubwa. Siku ya pili Bi Rukaya aliingiza mikono kwenye bakuli la uji ili angalau apate joto, na uji ukapungua. Wakaelewa. Asubuhi uji, mchana mchuzi, jioni maziwa yakiwepo. Aliweka mikono mpaka vifundoni, akatulia, bakuli likabaki tupu. Majirani walikuja kumpa pole, wakakaa kidogo, wakaondoka. Wanaume wa kitongoji walisema siku hizi kumetulia.

Baada ya mwezi, Mzee Mhina alisimama baada ya sala ya Ijumaa akatangaza kwamba mwanawe ameongoza darasa zima. Wahadhiri watano walisimama mbele ya ile karatasi kwa nusu saa. Walisema wameona michoro mingi ya wanawake wa vijijini, lakini hawajaona mwanafunzi aliyethubutu kuonyesha kwamba mwanamke wa kijijini hana sauti. Mchoro ulipewa jina, nalo ni *Sauti ya Asiye na Sauti*. Waumini wakasema mashallah.

Chausiku alimpigia simu Sabiri akiwa juu ya kichuguu, maana ndipo mtandao ulipo.

"Ulisema utaumalizia chuoni."

"Nilitaka, dada. Nimeshika penseli hivi, Dokta Yordani akapita nyuma yangu. Akasema acha, usiguse, ukimya huo unapiga kelele."

"Sasa uweke."

"Kazi imeshasahihishwa, dada. Haiguswi."

Mambo yangeweza kubaki hivyo, kama si shimo la udongo.

Shimo hilo lipo kwenye shamba la Bi Rukaya, kando ya kijito. Wanawake wa kwao wamechimba udongo wa vyungu hapo tangu bibi wa bibi yake. Mpaka wake haukuandikwa popote. Mama humwambia binti, binti huushika, na siku mtu akiudai, mwenye shamba husimama mbele ya wazee na kuusema wote, kisiki kwa kisiki, jiwe kwa jiwe. Akikosea kisiki kimoja, amekosa. Mara mbili Mzee Mhina aliwahi kudai kwamba shimo lipo upande wake, na mara mbili Bi Rukaya aliusema mpaka kwa sauti ambayo Mzee Mhina alirudi nayo nyumbani masikioni. Sasa alidai mara ya tatu. Alisema dai hilo halina uhusiano na jambo lolote.

Chausiku aliujua mpaka wote. Lakini wazee hawausikilizi mpaka kutoka kwa mtoto wakati mzazi wake yuko hai. Ni utovu wa adabu.

Kwa hiyo alifinyanga mdomo. Alichukua udongo wa shimo lile lile, akautoa vijiwe, akaukanda, akaubandika chini ya pua ya mama yake, akaulainisha kwa kipande cha kibuyu. Mdomo ulikuwa mzuri. Bi Rukaya aliufungua, akaufunga, akasema:

"Uji wako hauna chumvi. Mwezi mzima unaninywesha maji ya moto."

Akasema mengi mengine kuhusu Maryamu, kuhusu wanaume wa kitongoji, na kuhusu kuku aliyekuwa ametagia kwenye kapu la nguo. Kisha mdomo ukaanza kukauka, ukapasuka pembeni, ukadondoka mapajani. Walijaribu tena na tena wakaujua muda wake. Kivulini ulidumu kiasi cha kupika ugali na kuupakua. Juani, nusu ya hapo. Udongo usiochomwa hauendi mbali, na Chausiku alichoma vyungu kila wiki mbili, lakini mama hachomwi.

Siku ya kikao, wazee walikaa chini ya paa la madrasa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Muhidini, mtu wa kufuata utaratibu. Wanawake walikalishwa nje ya paa, upande wa jua. Chausiku alikuwa amembandika mama yake mdomo walipokuwa wanafika, ukiwa bado unang'aa kwa maji, akamwomba Mzee Muhidini mama yake aanze.

"Mdai huanza," Mzee Muhidini alisema.

Mzee Mhina akaanza. Alimsalimia mwenyekiti, akawasalimia wajumbe mmoja mmoja kwa majina ya baba zao, akauliza hali ya mahindi ya kila mmoja. Akaeleza alivyozaliwa. Akaeleza gharama ya kumsomesha mtoto sanaa, kwamba penseli za huko si hizi za dukani, zina namba. Alikuwa mtu wa maneno machache maisha yake yote, na siku hiyo aliyatoa aliyoyaweka. Chausiku alichovya kitambaa kwenye maji, akainuka kumlowesha mama yake mdomo. Mzee Muhidini akamwambia akae, kikao si jikoni.

Zamu ya Bi Rukaya ilipofika, mdomo ulikuwa umeshageuka rangi.

"Mpaka unaanzia kwenye kisiki cha mninga," alisema, "unateremka na..."

Upande wa kushoto ukadondoka, kisha wa kulia. Bi Rukaya akainuka, akanyoosha mkono kuelekea bondeni, akapiga hatua. Mzee Muhidini akamrudisha. Mpaka husemwa kwanza, ndipo hutembewa.

Wazee wakashauriana. Wakasema isitoshe, mdomo ule ulikuwa wa Chausiku, kwa kuwa ndiye aliyeufinyanga, na neno linalotoka humo ni neno la Chausiku, na Chausiku ni mtoto. Wakampa Bi Rukaya wiki tatu arudi na mdomo wake mwenyewe. Waliona wamemhurumia.

Ndani ya wiki hizo, chuo kilileta maonyesho Korogwe. Walikodi ukumbi mjini, wakatundika kazi za wanafunzi, ili wananchi waipende sanaa. Chausiku na mama yake walipanda bodaboda hadi Mkata, wakapanda basi, wakafika kabla ya saa nne. Kwenye pindo la khanga Chausiku alikuwa amefunga kipande cha mkaa, alichokichagua jikoni mwake kati ya vingi, kigumu, chenye ncha.

Bi Rukaya alikuwa katikati ya ukuta, ndani ya kioo. Macho yalikuwa yake. Hata kovu la kwenye nyusi, la mwaka ule alipoangukiwa na mwiko, lilikuwepo.

Dokta Yordani, mwalimu wa Sabiri, alikuwa anawazungusha wageni. Alivaa skafu, Korogwe, mwezi wa pili. Alipomwona Bi Rukaya amesimama pembeni ya Bi Rukaya, aliwaita wageni wasogee.

"Tazameni uaminifu wa msanii," alisema. "Hata yeye mwenyewe hana."

Watu wakapiga picha. Bi Rukaya akaombwa asogee kidogo kushoto, mwanga ni mzuri zaidi.

"Mwalimu, shikamoo," Chausiku alisema. "Mama mdomo alikuwa nao."

"Kwa maana ipi?"

"Kwa maana ya kulia wali."

Dokta Yordani alilipenda jibu hilo. Alilirudia kwa mgeni mmoja, naye akaliandika. Akamuuliza Chausiku anafanya kazi gani, na Chausiku akamweleza vyungu, na kwamba vinaanza na mdomo. Hilo nalo likaandikwa.

"Sasa naomba nimalizie huu," Chausiku akasema, akafungua pindo la khanga. "Mkaa ninao. Toa kioo tu. Hata maji hayatachemka, nitakuwa nimemaliza."

"Umesomea wapi, binti?"

"Darasa la saba. Hapo Kwamsisi."

Dokta Yordani alimweleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mbuzi kuhusu uzio. Kazi hiyo ilikuwa mtihani. Mtihani umeshasahihishwa. Mtu wa nje akiongeza hata nukta, huo ni udanganyifu wa mitihani, na Sabiri anaweza kunyang'anywa shahada. Lakini chuo ni sikivu. Aandike barua kwa kamati, aeleze anaomba mdomo gani, wa ukubwa gani, na kwa sababu zipi za kisanaa.

Chausiku alimkuta Sabiri nyuma ya ukumbi, anakunywa soda.

"Sabiri, sema kweli. Mdomo ulikushinda."

Sabiri aliangalia chupa yake. Chupa alizijua vizuri.

"Midomo inanishinda, dada. Yote. Pua naweza. Macho naweza. Mdomo nikiugusa unakuwa kama jeraha."

"Ungeniambia siku ile. Ningekushika mkono."

"Ningekuambiaje? Mimi ndiye mwanachuo."

Dokta Yordani akatokeza mlangoni, na Sabiri akapandisha sauti. "Kwa hiyo ukimya pale, dada, ni uamuzi."

Fremu za maonyesho zilitengenezwa kwenye duka la vioo la Tayabali, na mke wake Noorjahan alikuwa ukumbini kuhakikisha hazianguki. Yeye hakusoma jina la mchoro. Alimtazama Bi Rukaya kwa muda, akamuuliza Chausiku:

"Bibi huyu anakulaje?"

"Kwa mikono."

"Wote tunakula kwa mikono," Noorjahan alisema. Kisha akatazama tena, akaenda, akarudi na sharubati, na badala ya kuitia kwenye glasi aliitia kwenye bakuli pana. Bi Rukaya akaingiza mikono. Wageni walikuwa wameshasogea kwenye kazi nyingine, vigae vilivyovunjwa makusudi.

Barua Chausiku aliiandika usiku huo huo kwenye karatasi ya daftari, na kesho yake akaituma kwa basi. Iliandikwa hivi:

*Kwa kamati. Naomba mdomo wa mama yangu Rukaya. Ni wa kawaida, wa juu mwembamba kuliko wa chini, upande wa kushoto umepanda kidogo kwa sababu ya kuita mbuzi. Ukubwa wake ni huo huo wa uso mliochora. Sababu ya kisanaa ni kwamba tunaanza na mdomo. Sababu nyingine ni shimo la udongo, kikao ni tarehe kumi na tisa. Mkaa ninao mwenyewe.*

Alingoja. Akaandika nyingine yenye maneno hayo hayo, na ya tatu, ambayo aliipeleka mwenyewe hadi Mkata na kumkabidhi dereva mkononi. Kila jioni alipanda kichuguu na simu yake.

Tarehe kumi na tisa Bi Rukaya alisimama mbele ya wazee na uso wake ulivyo. Mzee Muhidini alimuuliza kama shimo ni lake. Alimuuliza mara tatu, kama utaratibu unavyotaka, na katikati ya kila swali alinywa maji. Karani aliandika mara tatu kwamba mdaiwa amenyamaza.

"Mimi sina elimu," Mzee Mhina alisema, "lakini hata bibi harusi akiulizwa na walii wake, akinyamaza, ndoa inafungwa. Kimya ni ridhaa."

Wazee wakatazamana. Lilikuwa neno la dini, na hakuna aliyetaka kulipinga. Bi Rukaya alikuwa na miaka hamsini na minane, mjane, na mkononi alikuwa na jembe. Wakaandika kwamba ameridhia.

Mzee Mhina hakuwa na matumizi ya udongo. Alilifyeka shimo pembeni, akasimamisha kibao kilichoandikwa Kituo cha Sanaa, na mwaka uliofuata Sabiri, ambaye sasa alikuwa amebakizwa chuoni kufundisha, alileta wanafunzi kumi na wawili kujifunza kwa vitendo. Chausiku alipohitaji udongo alikwenda kwa Mzee Mhina kuomba ruhusa, naye hakuwa mchoyo. Alimruhusu siku za Jumanne.

Wanafunzi walisambaa kitongojini na viti vyao vya kukunja. Sabiri alikuwa amewafundisha adabu ya kazi: usimchore mtu bila kumwomba, omba kwanza, na akinyamaza, amekubali. Maryamu alijifungia ndani alipowaona, akasema anaumwa. Mzee Muhidini alinyoa ndevu, akakaa nje, hakuna aliyemwomba.

Binti mmoja mwenye miwani alifika uani kwa Bi Rukaya asubuhi, akavua viatu, akasimama pembeni kwa heshima. Alikuwa ameuona ule mchoro, wanafunzi wote huonyeshwa mwaka wa kwanza.

"Shikamoo, mama. Naomba nikuchore mikono."

Chausiku alikuwa chini, anasawazisha mdomo wa chungu kwa gunzi. Hakuinua kichwa.

"Vidole unavijua?"

"Vidole ni muhula ujao, dada," yule binti alisema. "Muhula huu tumeishia kifundoni."

Bi Rukaya alikuwa ameketi na bakuli lake la uji, mikono imezama mpaka vifundoni, na uji ulikuwa unapungua taratibu. Binti alidhani hakusikika. Akafungua kiti chake, akakisogeza karibu, akachonga penseli, akaomba tena.